ATV mpya ya Kichina haiwaki au inazima njiani: usifungue injini, anzia huku

Wakuu, naandika kwa kirefu kidogo maana nimeshaona ATV (zile pikipiki za magurudumu manne) mbili mpya kabisa, hazijamaliza hata tanki la kwanza, tayari fundi ameshafungua hedi, yaani kichwa cha injini, na zote mbili shida haikuwa kwenye injini. Inauma sana kuona mtu kajibana miezi, kaagiza chombo China, kimefika salama, halafu ndani ya wiki moja kiko vipande vipande kwenye gunia.

Hizi ATV za bei ya chini za cc 110 na 125 nyingi zina injini ya aina moja, ile iliyolala, silinda inaangalia mbele, mtindo ambao Honda waliutoa na Super Cub mwaka 1958 na Wachina wameukopi miaka na miaka. Ni injini rahisi na ngumu. Kinachosumbua ni vitu vinavyoizunguka, nati ambazo hazijakazwa, waya uliobanwa na fremu, kabureta lenye takataka za kiwandani, betri iliyokaa baharini miezi miwili bila chaji. Kwahiyo injini iwe ya mwisho kabisa kushukiwa.

Yetu ni cc 110 ya otomatiki, ina gia ya mbele, nyutro na rivasi. Ilishushwa Dar, ikapanda lori mpaka Karatu, na tumeifunga wenyewe mimi na mpwa wangu kwenye banda la mahindi, siku moja na nusu.

Kuifunga, hapa ndipo matatizo mengi yanapozaliwa

Ikifika inakuwa ndani ya fremu ya chuma iliyovikwa boksi, matairi yametolewa, usukani umelala, bampa, keria na betri viko pembeni, nati zimebandikwa kwenye kadibodi chini ya plastiki. Usichane ile plastiki ukazimwaga zote kwenye beseni moja. Piga picha kwanza, maana mara nyingi kila fungu lipo karibu na jina au mchoro wa kitu chake na kitabu kinachokuja nacho huwa hakisaidii, kinaongelea modeli nyingine.

Halafu shika hili, usiiamini nati yoyote uliyoikuta imeshafungwa. Tulivyopita na spana, namba 10, 12, 14 na 17, tulianzia mbele kuja nyuma, na kwenye tairodi ya kushoto, ile fimbo inayotoka kwenye shina la usukani kwenda kwenye gurudumu, nati ilizunguka kwa vidole. Kwa vidole tu. Tukahamia gurudumu la mbele kulia, ile nati yenye meno inayoshika habu ilikuwa imekaa mahali pake vizuri ila tundu la kotapini liko wazi, pini hakuna. Mpwa wangu akaniangalia, "Mjomba, hii si ndio inayozuia tairi lisitoke?" Ndio hiyo hiyo. Ungeiwasha tu ukaenda nayo mteremkoni, nati inajifungua kidogo kidogo, gurudumu linatoka na mtoto wa watu anaumia. Nenda duka la spea za pikipiki nunua kotapini za saizi tofauti kabla hata hujaanza kufungua boksi, ni vitu vya bei ndogo sana.

Nati za magurudumu kaza kwa msalaba sio kwa kuzunguka, na baada ya saa moja ya kuendesha rudia tena kuzikaza zote, hili usiliruke, zinalegea kweli.

Upepo. Hapa vijana wa pancha wanaharibu sana bila kujua, wamezoea upepo 30 wa gari. Tairi za ATV ni pana na laini, zinataka upepo kidogo mno, nyingi ni psi 3 mpaka 5, soma ubavuni mwa tairi imeandikwa. Ukiijaza 30 inaruka ruka kama mpira, usukani hautulii, na tairi inaweza kupasuka mbele ya uso wa mtu. Geji ya kawaida ya gari haisomi vizuri huko chini, tafuta ya upepo mdogo.

Oili, kabla ya kugusa stata chomoa dipstiki uangalie. Nyingine zinakuja na oili ya safari tu, nyingine kavu kabisa. Injini hizi zinakula kama mililita 800 mpaka 900, weka 10W-40 au 15W-40 ya pikipiki. Kupima, dipstiki ifute, itumbukize bila kuifunga kwa kuzungusha, toa, soma.

Betri kama imekuja kavu na asidi yake pembeni, vaa glavu na kitu cha kukinga macho, jaza mpaka mstari, iache itulie nusu saa, halafu ichajiwe polepole. Betri ya amp 4 au 5 haitaki chaja kubwa ya gari, inataka nusu ampia hivi kwa masaa mengi. Watu wengi wanamimina asidi, wanafunga, wanapiga stata hapo hapo, na betri inakufa mwezi wa pili halafu lawama zinaenda kwa injini.

Unabonyeza stata, kimya kabisa

Usikimbilie kununua stata. Hizi ATV zina ulinzi mwingi na kila ulinzi ni swichi inayoweza kukataa. Lazima iwe nyutro na taa ya kijani inawaka, lazima ubane mkono wa breki, swichi nyekundu ya kuzimia kwenye usukani iwe upande wa kuwasha, na kama kuna ile kamba ya usalama nyuma inayovalishwa mzazi anayetembea nyuma ya mtoto, kifungo chake kiwe kimeingia. Nyingine zina rimoti, na rimoti ikiwa na betri mfu inaweza kuzuia kila kitu.

Vyote viko sawa na bado kimya, fungua kiti uangalie fyuzi, mara nyingi iko kwenye kikasha kidogo karibu na betri. Halafu swichi ya breki, ni kidude kidogo chini ya mkono wa breki chenye waya mbili, waya zinachomoka wakati wa kuunga usukani. Kwetu ndio ilikuwa hiyo, waya mmoja ulikuwa unaning'inia nyuma ya kava, tumehangaika lisaa lizima.

Ukisikia "tak" moja halafu basi, huo ni umeme mdogo. Pima betri na mita, ikiwa imejaa inasoma 12.6 kwenda juu, na wakati unapiga stata ikishuka chini ya 10 betri haina nguvu. Ikisoma vizuri angalia vichwa vya betri kama vimekazwa na ule waya wa hasi unaoenda kwenye chesisi, wamepaka rangi kwanza halafu wamefunga waya juu ya rangi, umeme hauwezi kupita. Kwangua rangi mpaka uone chuma, rudishia.

Stata inazunguka vizuri ila haiwaki

Hapa ni vitu vitatu tu, moto, wese, hewa, na ufuate mpangilio huo huo kwa sababu moto unapima kwa dakika mbili.

Chomoa plagi, irudishe kwenye kofia yake, ilaze chuma kwa chuma kwenye hedi mbali na tundu la plagi na mbali na petroli, piga stata. Unataka cheche ya bluu inayolia. Kama ipo, nenda kwenye wese. Kama hakuna, zungusha kofia ya plagi uichomoe kwenye waya, kata nusu sentimita ya waya, irudishie, mara nyingi imeshikilia vibaya tokea kiwandani.

Bado hakuna moto, hapa inabidi ujue kitu kimoja kuhusu CDI, kile kikasha cha umeme kinachoongoza cheche ya plagi. Hizi cc 110 nyingi zina CDI ya AC, umeme wake unatoka moja kwa moja kwenye koili ya magneti sio kwenye betri, kwahiyo betri nzuri haikuhakikishii moto. Na namna zinavyozimwa ni waya mweusi wenye mstari mweupe kupigwa shoti na chesisi. Sasa huo waya ukibanwa mahali na kuchubuka, injini inadhani umeizima, haitawaka milele. Uchomoe huo waya mweusi wenye mstari mweupe kwenye soketi ya CDI, piga stata, moto ukirudi basi CDI yako nzima, koili yako nzima, unachotafuta ni swichi au waya uliobanwa, na sehemu ya kwanza kuangalia ni pale usukani unapopita kwenye fremu. Ukimaliza jaribio urudishe huo waya, usije ukaendesha chombo kisichozimika.

Tahadhari kwa wale wanaopeleka kwa fundi wa bodaboda. Mafundi wetu wanajua kazi ila wamezoea injini iliyosimama ya cc 125 na 150, na plagi zake nyingi ni za uzi wa milimita 12. Hii iliyolala inakula plagi ya milimita 10, A7TC au NGK C7HSA. Fundi akilazimisha plagi ya bodaboda, hedi ya alumini inakatika nyuzi na hapo ndio hasara ya kweli inaanza. CDI pia usikubali aazime ya bodaboda ajaribishie, soketi inaweza kuingia lakini mpangilio wa waya sio huo. Mwachano wa plagi uwe milimita 0.6 mpaka 0.7.

Moto upo? Sasa wese. Chini ya kabureta kuna skrubu ya kumwagia, weka kichupa, fungua, petroli itoke. Isipotoka angalia koki ya tanki kama iko wazi na mpira haujakunjwa. Ikitoka vizuri na plagi inatoka imelowa, umeshaijaza mafuta kupita kiasi, futa plagi, choki (ile ya kuongeza mafuta injini ikiwa baridi) izime, bana akseleta mpaka mwisho, piga stata kwa sekunde chache chache mpaka ikohoe.

Inawaka ukiweka choki tu, ukitoa choki inazima

Hii ndio malalamiko namba moja na karibu kila mara ni jeti ndogo ya sailensa, yaani ule mzunguko wa chini injini ikiwaka bila kugusa akseleta. Tundu lake ni dogo kuliko ncha ya sindano, na kabureta zinakuja na vumbi la alumini, vipande vya plastiki, au petroli ya majaribio ya kiwandani iliyokauka ikawa kama gundi ya njano. Yetu tuliifungua, mpwa wangu akaielekeza jeti juani akasema "mjomba sioni mwanga," akaigeuza, hakuna. Usitumie sindano wala waya mgumu, unapanua tundu na halirudi tena. Chukua kipande cha waya laini wa umeme, toa uzi mmoja tu wa shaba, upitishe polepole, halafu puliza kwa kompresa au pampu. Tukaelekeza tena juani, kitobo kikaonekana kama nyota. Ikarudishwa, ikawaka, ikashika sailensa bila choki.

Ukiwa umeshafungua bakuli la kabureta angalia boya linapanda na kushuka bila kugoma, kisha rudishia, na weka filta ya petroli kwenye mpira kama haikuja nayo.

Jeti safi na bado inataka choki? Basi inavuta hewa ya wizi, hasa pale kabureta linapoungana na injini. Bolti mbili za pale huwa zimelegea au gasketi imekaa upande. Ikiwa inawaka, pulizia kidogo WD-40 kwenye maungio, mbali na ekzosi, mlio ukibadilika umepata penyewe.

Skrubu ya mchanganyiko, ifunge taratibu mpaka iguse, fungua mzunguko mmoja na nusu, anzia hapo kurekebisha injini ikiwa ya moto. Na walio huku juu kama sisi, Karatu ni kama mita 1,500, hewa ni nyepesi, mchanganyiko unakuwa na mafuta mengi kuliko Dar. Hizi kabureta zinakuja zimebaniwa mafuta kwahiyo unaweza usione shida, ila ukiona moshi mweusi na plagi nyeusi yenye masizi makavu, ujue ni urefu wa mlima na sio ubovu. Plagi nyeupe kama chaki ni kinyume chake, mafuta hayatoshi, usiendelee kuikimbiza hivyo, inaunguza.

Inakwenda vizuri dakika kumi halafu inazima, ukingoja inawaka tena

Hii ilitutesa siku mbili na nataka isimtese mtu mwingine. Asubuhi inawaka kwa mara moja, unaenda nayo mpaka mwisho wa shamba, inaanza kukosa nguvu, inakohoa, inazima. Unakaa chini ya mti robo saa, inawaka kama hakuna kilichotokea. Tukabadilisha plagi. Tukasafisha kabureta mara ya pili. Kuna mtu akasema koili inachoka ikipata moto, tukataka kuagiza koili. Siku ya pili jioni imezima tena, nikafungua mfuniko wa tanki kuangalia kama wese limebaki, nikasikia "sssss", hewa inaingia kwa nguvu. Nikafunga, nikapiga stata, ikawaka hapo hapo bila kungoja.

Mfuniko una kitobo cha kupumulia na kijimpira juu yake. Kikiziba, petroli inavyoshuka kwenye tanki hakuna hewa inayoingia kuchukua nafasi yake, tanki linanyonya, wese linakataa kushuka. Ukipumzika hewa inapenya taratibu na shida inajificha. Jaribio ni hilo tu, ikizima fungua mfuniko, ikiwaka papo hapo umeshapata jibu. Yetu kile kijimpira kilikuwa na kiplastiki kilichobaki kwenye ukingo, tumekikata kwa wembe, mpaka leo haijarudia.

Mfuniko ukiwa mzima ndio sasa ufikirie koili, na uthibitishe kwa kupima cheche pale pale inapozima ikiwa bado ya moto. Na kama imeshatembea masaa kadhaa na imeanza kukataa kuwaka ikiwa ya moto tu, pima tapeti, yaani nafasi kati ya roka na valvu. Valvu zinajikalisha mwanzoni na nafasi inapotea. Ni milimita 0.05 kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia, injini ikiwa baridi kabisa, alama ya T ya magneti ikiwa sawa na mstari na roka zote zinacheza.

Haikimbii

Kabla hujalia angalia chini ya akseleta ya kidole gumba, kuna skrubu ndefu yenye nati. Hiyo ni kizuizi cha mwendo, wameiweka makusudi kwa ajili ya watoto. Kama anayeendesha ni mtoto iache hapo hapo. Kama ni mtu mzima ifungue kidogo kidogo. Halafu hakikisha breki hazikamati, nyanyua nyuma juu ya tofali, nyutro, zungusha magurudumu kwa mkono, yazunguke bila kunung'unika. Cheni ikivutwa sana inakula nguvu pia na inaua beringi, iache icheze juu chini kama sentimita moja na nusu.

Inataka kwenda yenyewe, au inanguruma ukikata kona

Ikiwa kwenye gia na inasogea bila kugusa akseleta, sailensa iko juu sana, ishushe kwa ile skrubu ya pembeni ya kabureta. Ila kuna hii ya pili na ni ya hatari. Iwashe ikiwa nyutro, zungusha usukani wote kushoto, halafu wote kulia, sikiliza. Mlio ukipanda maana yake kebo ya akseleta imepita vibaya na usukani unaivuta. Ukikata kona kali inakuongezea mwendo bila kutaka. Ipitishe upya, ilegeze milimita mbili tatu, rudia jaribio pande zote mbili mpaka mlio usibadilike hata kidogo, ndipo mtu apande.

Inavuta upande

Kwanza upepo, tairi mbili za mbele zikitofautiana psi moja tu unaisikia mikononi. Upepo ukiwa sawa nyoosha usukani, pima kwa futi kati ya tairi na tairi kwa mbele halafu kwa nyuma kwenye urefu wa ekseli. Kwa mbele pawe pafupi kidogo tu, milimita chache. Ikiwa kinyume, legeza nati za tairodi, zungusha pande zote mbili kwa kiasi kilekile, kaza tena kwa nguvu.

Breki ikiwa laini kama sponji ina hewa, itoe. Ikiwa inabana ila haisimamishi, disko limepakwa mafuta ya kuzuia kutu kule kiwandani, lifute kwa spiriti kabla ya kulaumu pedi.

Rivasi ikigoma, simama kabisa kwanza, sailensa itulie, ndio uvute gia. Ukiilazimisha inatembea unakata meno ya ndani, na hapo kweli itabidi injini ifunguliwe.

Oili ya kwanza ibadilishe baada ya masaa 5 hivi ya kazi, injini ikiwa ya moto kidogo. Imwage kwenye beseni jeupe uitazame juani, ukiona unga unaometameta ni kawaida ya injini mpya, ukiona vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole hapo zima kabisa na itafutwe sababu. Ya kwetu ilimetameta tu. Tumeweka mpya, tumekaza nati zote mara ya tatu, na ile tairodi ya kushoto mpwa wangu ameipiga mstari wa rangi nyeupe kuanzia kwenye nati mpaka kwenye bolti, mstari ukikatika anajua imesogea, anaangalia kila asubuhi kabla hajawasha.